Maji ya Saturia

Siku niliyomwona Saturia Rentería akila sahani moja na kompadre wake Eleuterio, mchana kweupe, kibarazani, mbele ya kila mwenye macho, nilisimama katikati ya njia na ndoo yangu ya samaki, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Samaki mmoja alichupa akaanguka kwenye tope. Sikumwokota.

"Komadre!" nikaita.

"Abee, Fide." Hakuinua hata uso. Alikuwa anachambua miba kwa vidole, kipande kimoja anakiweka upande wake, kipande kingine anakisukuma upande wa mwanamume.

"Sahani zimeisha humo ndani?"

"Zipo tele."

"Na wewe, kompadre Eleuterio, umevunjika mkono usiweze kushika sahani yako?"

Eleuterio akatafuna, akameza, akanitazama kwa yale macho yake ya upole. "Mkono mzima, komadre. Karibu ndizi."

Karibu ndizi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, au iwameze wao, yoyote ingetosha. Niliondoka bila kuaga, na mimi Fidelina si mtu wa kuondoka bila kuaga. Nilifika nyumbani, nikapara samaki vibaya mpaka mume wangu akauliza kama nina homa.

Kwetu Piedra Lisa, kijiji cha kando ya mto, mtu akimmwagia mtoto wako maji ya ubatizo, yeye ni komadre au kompadre wako mpaka kaburini. Mtasaidiana kwa shida na raha. Hamtatukanana hata kwa utani. Na kama mmoja ni mwanamume na mwingine mwanamke, basi baina yenu pamesimama ukuta. Hakuna kulala pamoja, hakuna kuoana, na watu wenye adabu hawali hata sahani moja, maana mambo mengine huanzia kwenye sahani. Wakivuka ukuta huo, radi huwatafuta popote walipo. Bibi yangu aliwajua wawili wa huko mtoni juu waliokutwa wameungua ndani ya mtumbwi, na mtumbwi wenyewe haukuwa na hata alama. Tumelelewa na habari hiyo, na ngurumo zetu huku si za mchezo.

Tena Saturia si mtu wa kuambiwa haya. Padri hutufikia akijaliwa boti na mafuta, na watoto wetu hawangoji mafuta, wanazaliwa tu. Mtoto asiye na maji tunamwita moro. Moro haachwi peke yake chumbani, na akifa haimbiwi, kwa sababu hakuna anayejua anakwenda wapi. Kwa hiyo mtoto akizaliwa mnyonge, hutumwa mtu kumwita Saturia. Anakuja na kata yake ya kibuyu, chumvi kidogo, mshumaa, na ile sauti yake nzito. Anamwaga, anataja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mama mzazi anaanza kupumua tena. Sijui ni wangapi amewamwagia. Ukitembea naye mpaka gatini, kila nyumba inamwita komadre.

Mimi pia namwita komadre. Alimmwagia mwanangu wa kwanza, Jacinto, ambaye hakumaliza wiki. Kwa kuwa alikuwa na maji, tulimvika nyeupe, tukamweka kwenye meza yenye maua, tukamwimbia na kucheza mpaka asubuhi kama anavyoimbiwa malaika. Nililia, ndiyo, lakini nililia nikijua alipo. Hilo nilipewa na Saturia, na ndiyo maana ile sahani iliniuma mpaka kwenye mifupa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana sahani ile ilikuwa na historia.

Tulipokuwa wasichana, Saturia na Eleuterio walikuwa wachumba. Si siri. Saturia alikuwa mrefu, mkavu, anashinda mtoni na karai la mbao akichekecha dhahabu, maji yamemfika kiunoni. Eleuterio alikuwa amejifunza kuchonga mitumbwi kwa baba yake. Alikuwa akipita mbele yake anajifanya anajaribu mtumbwi mpya, na mtumbwi mmoja aliujaribu msimu mzima. Halafu akaenda kukata mbao huko chini, karibu na ghuba, na aliporudi alikuwa na Paulina, na Paulina alikuwa na mimba.

Saturia alikwenda kumsalimia bibi harusi na mkungu wa ndizi. Mimi ningempelekea nyoka.

Paulina alishikwa na uchungu siku ya mafuriko. Mkunga alikuwapo, na mama yake Eleuterio alikuwapo, na Saturia alikuwa amepita tu kuleta kuku wa supu. Mtoto alitoka amelegea, rangi ya bluu, hana sauti. Mama naye alikuwa anamwaga damu, mkunga amemshika kwa mikono yote miwili, hawezi kumwachia. Bibi hawezi kummwagia mjukuu wake, hilo kila mtu analijua. Akabaki mmoja tu. Mkunga ndiye aliyetusimulia: Paulina aligeuza kichwa pale mkekani, akamtazama yule mchumba wa zamani wa mume wake, akasema, "Mmwagie wewe." Akasema na jambo jingine kwa sauti ya chini, lakini mkunga hakulisikia. Saturia akachukua kata.

Mtoto akalia. Mama akafa kabla ya jua kuzama.

Watu wa Piedra Lisa si wajinga. Sote tulielewa maana yake, au tulidhani tumeelewa. Mwanamke anayekufa alikuwa amemfungia mwenzake mlango na kuondoka na ufunguo. Wengine walimwita Paulina mchawi wa wivu, wengine wakasema ni haki yake. Na Saturia alijua anachofanya. Alijua kwamba akimwaga yale maji hataolewa na Eleuterio milele, na asipomwaga mtoto atakwenda moro. Akamwaga. Mimi ningekuwa nimeshika ile kata mpaka leo.

Mtoto akaitwa Zunilda. Kila asubuhi Saturia alivuka njia kwenda kumwogesha, kumsuka, kumfunza sala, kumchapa alipostahili, kisha akarudi kulala kwake. Hakuolewa na mtu mwingine, na Eleuterio hakuoa tena. Jioni walikaa kila mtu kibarazani kwake, njia katikati, wanaongea kwa kupaza sauti ili kijiji kizima kisikie kwamba hakuna la kuficha. "Kompadre, mvua ya kesho unaionaje?" "Nzito, komadre." Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Wakazeeka hivyo.

Zunilda alikwenda kusoma mjini Quibdó, akarudi mwalimu wa watoto wadogo. Na mwaka uleule akaja Pasta Wilmar.

Pasta alijenga kanisa la mabati karibu na gati, akafunga spika mbili kubwa kuliko mlango. Nilikwenda kusikiliza, kwa sababu hata ningebaki nyumbani ningesikia.

"Mtoto mchanga anaamini nini?" aliuliza. "Anaamini ziwa la mama yake!" Watu wakacheka. "Maandiko yanasema mtu aamini, kisha abatizwe. Imani mbele, maji nyuma. Ukimmwagia asiyeamini, ndugu zangu, hujambatiza. Umemwogesha."

Nikasimama. "Pasta, na yule mlinzi wa gereza aliyebatizwa na Paulo yeye na nyumba yake nzima? Humo ndani hapakuwa na mtoto mchanga?"

"Imeandikwa wapi, mama, kwamba alikuwapo?"

"Na imeandikwa wapi kwamba hakuwapo? Wewe nyumba gani umeiona isiyo na mtoto?"

Hapo walicheka upande wangu. Lakini Zunilda hakucheka. Alikuwa amekaa mbele, Biblia magotini, kidole kwenye mstari, na nilipomwona nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Msichana huyu alikuwa ameishi maisha yake yote akiwatazama wawili wanaompenda wakipaziana sauti njiani. Alijua sababu ni yeye, au ni maji yaliyomwagwa kichwani pake. Sasa amekuja mtu na kitabu anasema maji yale hayakuwa kitu. Basi kama hayakuwa kitu, hakuna komadre wala kompadre, na ukuta umeanguka. Zunilda akaenda nyumbani akawaambia hivyo, wote wawili: Jumapili baada ya sikukuu ya Mama wa Karmeli atazama mtoni kwa mkono wa Pasta. Ubatizo huo ndio utakuwa wa kwanza, ule wa zamani utafutika, nao waoane.

Na Eleuterio, mzee mzima mwenye mvi, akavuka njia mchana huohuo akaketi kwenye kibaraza cha Saturia. Saturia alikuwa anapakua chakula. Mwanamume akamwambia, "Nipe humo humo." Ndipo mimi nikapita na ndoo yangu.

Jioni nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Saturia, sikupiga hata hodi.

"Unataka radi ituue sote? Mabati ya nyumba yangu yamegusana na yako!"

"Kaa, Fide."

"Sikai. Niambie umepatwa na nini."

Akakaa yeye. "Sijapatwa na kitu. Mtoto kaniambia hakuna ukuta. Nikasema ngoja nione samaki ana ladha gani akiliwa na mtu." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kisichana, na mimi likanitia hofu kuliko yote. "Ana ladha nzuri, shoga."

"Kwa hiyo maji yako hayakuwa kitu?"

"Sijui. Zuni amesoma, mimi sikusoma."

"Basi nijibu mimi ambaye pia sikusoma. Kama maji yako yalikuwa ya kuogesha tu, Jacinto wangu yuko wapi?"

Tabasamu likaondoka usoni pake lote. Hakuwa amelifikiria hilo, naapa hakuwa amelifikiria. Nilimwona akiwapitia kichwani mmoja mmoja wale wote aliowamwagia wakazikwa na maua. Akaweka mkono mdomoni.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Pasta kabla hajanywa kahawa, na mimi nyuma yake.

"Pasta, wale wachanga niliowamwagia wakafa, wako gizani?"

Nitasema haki: yule mtu si mbaya. Alisogeza benchi, akamkalisha. "Hapana, mama. Yesu aliwaita watoto kwake. Wachanga ni wa Mungu. Wote wako naye."

"Kwa sababu ya maji yangu?"

"Kwa sababu ya rehema yake tu. Hata usingemwaga."

"Hata nisingemwaga."

"Hata usingemwaga, mama. Tulia moyo."

Alidhani amempa faraja. Mimi moyo wangu uliruka, Jacinto wangu yuko salama, nikataka kumbusu Pasta mkono na spika zake. Lakini Saturia alikuwa ametulia kwenye lile benchi kwa namna isiyo nzuri. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo siku ile ningeiacha kata pale ilipo, nikampakata mtoto tu, ingekuwa sawasawa?"

Pasta hakujua siku ipi. "Ingekuwa sawasawa," akasema.

Mlangoni kwake Saturia akasema, "Nitamngoja Padri." Na tangu siku hiyo Eleuterio alirudi kula kwenye kibaraza chake, na sahani yake.

Padri Anselmo alikuja kwa sikukuu, kijana, amekonda, amelowa mpaka kwenye soksi. Tuliandamana na sanamu ya Bikira mtoni, boti zimepambwa maua na maputo, misa ikaimbwa vizuri, na baada ya misa, wakati nafagia maua kanisani, maana funguo za kanisa ninashika mimi, Saturia alimshika Padri kabla hajaenda kula.

"Padri, watoto ninaowamwagia, nawabatiza au nawaogesha?"

"Unawabatiza, mama. Penye hatari mtu yeyote anaweza, akimwaga maji na kusema maneno yale kama Kanisa linavyokusudia. Ni kamili. Bwana ni mmoja, imani ni moja, na ubatizo ni mmoja. Haurudiwi, na haufutiki hata mtu akizama mtoni mara mia."

"Umesikia!" nikasema na ufagio wangu. "Umesikia, Sato!"

Saturia akavuta pumzi ndefu. Niliona uzito mmoja unamtoka na mwingine unakaa mahali pake. "Basi sawa," akasema. "Ukuta umesimama. Zuni nitamwambia asijisumbue."

"Ukuta gani?" Padri akauliza.

Akamwambia. Kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda shambani. Padri akasikiliza, akakunja uso, akacheka kidogo, hakukusudia ubaya. "Lakini mama, katazo hilo halipo."

"Halipo wapi?"

"Popote. Lilikuwapo zamani, zamani za bibi wa bibi zenu. Baba wa mtoto na mwanamke aliyembatiza mtoto hawakuruhusiwa kuoana. Kanisa liliacha kukataza kabla wewe hujazaliwa."

Ufagio ulinitoka mkononi. Nilisikia ukigonga sakafu.

"Siku niliyommwagia Zunilda," Saturia akasema, "nilikuwa naruhusiwa kuolewa na baba yake?"

"Baada ya matanga, ndiyo."

"Na alipoanza kutembea?"

"Ndiyo, mama."

"Na nilipokuwa bado naweza kuzaa?"

Padri uso ulikuwa umemgeuka; nadhani ndipo alipoelewa aliyesimama mbele yake.

"Mapadri wangapi wamekuja hapa, Fide?" Saturia aliniuliza mimi, lakini alikuwa anamtazama Padri. "Wamekula kuku wetu. Wametukuta tunaitana komadre na kompadre, wakasema inapendeza. Nani alitwambia?"

"Labda walidhani mnajua," Padri akasema.

"Tungejuaje?"

Chakula cha kijana wa watu kilipoa mezani kwangu, hakukigusa, na mimi sikumbembeleza. Hasira niliyokuwa nayo sikujua niielekeze kwa nani. Yeye hakuwa amezaliwa. Waliokuwa wamezaliwa wamekufa.

Saturia alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Eleuterio cha kuchongea. Nilimfuata, sikatai, nilimfuata. Eleuterio alikuwa na mtumbwi mkubwa juu ya magogo, mtumbwi wa mtu aliyeuagiza, umebaki kulainishwa tu. Saturia akasimama upande huu wa mtumbwi, akamwambia yote. Eleuterio hakuacha kazi. Tezo lilipanda na kushuka, panda shuka, vumbi la mbao linaruka, akawa kama hasikii. Saturia alipofika kwenye maneno "kabla hatujazaliwa," tezo likashuka kwa nguvu zote za mikono yake na kutoboa kitako cha mtumbwi mpaka upande wa pili. Likanasa. Hakujaribu kulichomoa.

"Kila radi ilipopiga," akasema, "nilidhani ni yangu. Kwa sababu ya niliyokuwa nayafikiria."

"Na mimi."

"Miaka yote hiyo, komadre?"

"Miaka yote hiyo."

Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, yule mwanamume mkubwa, akalia kwa sauti. Nami nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mimi sistahili kuyaona. Nilichemsha kahawa nikasahau kuitia sukari guru. Usoni nilikuwa nimelowa, wala sikuwa nimejua kama nalia.

Jumapili watu walijaa ukingoni, wa Pasta na wasio wa Pasta. Zunilda alikuwa kwenye foleni na kanzu nyeupe. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Saturia akaja kwa mwendo wa haraka, nikamwona amevaa gauni lake zuri na ndala za mtoni.

"Toka kwenye foleni, mwanangu," akasema. "Hakuna haja tena. Padri amesema tunaruhusiwa, na maji yako ya kwanza yapo palepale."

"Najua, Mama Sato. Baba ameniambia."

"Basi toka."

"Sitoki."

Nikashika kifua. Zunilda hakuwa amewahi kumjibu hivyo hata akiwa na miaka ile ya ukaidi.

"Nilianza kwa ajili yenu," akasema. "Lakini nimesoma, nimeomba, na sasa ni kwa ajili yangu. Siku ile ulisema wewe kwa niaba yangu, maana mimi sikuwa na sauti. Leo nataka niseme mwenyewe. Usinikasirikie."

Saturia alisimama kama aliyepigwa kofi. Nilimjua tangu utotoni, na niliona linalompita. Pasta amemwambia maji yake yalikuwa bure. Padri amemwambia alichopoteza kwa ajili ya maji hayo alikipoteza bure. Na sasa mtoto mwenyewe, kichwa kilekile kilichomwagiwa, anakwenda kumwagiwa kwingine. Nilitaka nimvute Zunilda sikio mbele ya kutaniko.

"Unajua mama yako alisema nini siku ile?" Saturia akauliza.

"Alisema unimwagie wewe. Kila mtu anajua."

"Kuna neno mkunga hakulisikia. Alisema, 'Mmwagie wewe, awe wako.' Awe wako, Zuni. Kijiji kimesema miaka yote kwamba alinifungia mlango. Na mimi niliamini hivyo, na nikamwaga hivyohivyo. Juzi ndipo nikajua kwamba hapakuwa na mlango wa kufunga. Alikuwa ananipa mtoto. Alichosema ndicho alichomaanisha, sisi ndio tuliomsoma vibaya."

Zunilda alikuwa analia waziwazi. Na mimi, niliyemwita Paulina mchawi kwa kinywa hiki hiki tangu ujana, sikuwa na pa kuweka macho.

Foleni ikasogea. Ikawa zamu yake. Akaingia majini, na Saturia akavua ndala zake, akaziweka pamoja vizuri juu ya jiwe, akaingia nyuma yake na gauni lake zuri.

"Mama," Pasta akasema, "huku ni kwa wanaobatizwa."

"Mimi nimeshabatizwa. Nimekuja kumshika."

"Anayeshika ni mimi, mama."

"Wewe sema maneno. Mara ya kwanza nilimshika mimi, na hakudondoka."

Pasta akatutazama sisi wa ukingoni, akitafuta msaada. Hakuna aliyempa. Akasogea kidogo. Saturia akapitisha mkono mmoja mgongoni mwa Zunilda na mwingine chini ya kisogo, palepale anapomshikia mchanga, nikaona ni mikono ileile, imezeeka tu. Pasta akauliza kama anaamini. Zunilda akasema naamini, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye miti ya upande wa pili. Akazama. Akainuka. Saturia akampangusa maji machoni kwa kiganja, akambusu paji la uso, kisha akageuka na kutafuta mtu ukingoni.

"Eleuterio!"

Alikuwa amesimama nyuma ya wote, na viatu vyake vya sikukuu.

"Sasa mimi ni komadre wako mara mbili," Saturia akapaza sauti, maji yanamtiririka. "Na nitaolewa na wewe."

Mama wee! Kila mtu alitazama juu. Mimi nilitazama, mume wangu alitazama, waliookoka walitazama, na Pasta Wilmar mwenyewe, nilimwona kwa macho yangu, aliinamisha shingo akatupia jicho mawingu. Tulingoja. Manyunyu yalikuwa yanaendelea kama yanavyoendelea kwetu karibu kila siku. Hapakunguruma kitu.

Eleuterio akatupenya, akaingia mtoni na viatu vyake, akaenda mpaka alipofika mbele yake.

"Sato," akasema.

Hakusema komadre. Jina lile peke yake sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tulipokuwa wasichana. Nikaona haya, nikageuka, nikajishughulisha na kuokota zile ndala juu ya jiwe.